Kiungani hadi Minaki: Shule na Karatasi Zake

Mwaka 1887 wachapaji George Bell wa London walitoa kitabu chenye jina la kiunga cha Unguja kwenye jalada: Kiungani. Walioandika habari za ndani yake walikuwa wavulana wa shule ya bweni. Mwalimu wao, Arthur Cornwallis Madan, aliwapa karatasi wajieleze wenyewe: kwao ni wapi, walichukuliwaje, walipita mikononi mwa nani, walifikaje pwani. Wakaandika kwa Kiswahili. Madan akayafasiri masimulizi yao kwa Kiingereza, akayapanga, akayapeleka Ulaya. Kila moja limetambulishwa kwa kabila la mwenyewe, huyu Myao, huyu Mmakua, na kilichochapwa ni Kiingereza peke yake.

Kila anayeandika historia ya Chuo cha Mtakatifu Andrea, kilichokulia Kiungani na kuhamia Minaki mwaka 1925, atakikuta kitabu hicho njiani. Kwa maoni yangu ndiyo kumbukumbu bora kuliko zote zilizotoka katika shule ile, na bado ina kasoro iliyofuata karibu kila karatasi ya chuo tangu siku hiyo. Mwanafunzi aliandika, mwalimu akatunza, meli ikachukua, na msomaji wa Kiswahili akawa wa mwisho kupata habari za watu wake. Mwaka 2025 Minaki ilitimiza miaka 100 pale ilipo. Katika kipindi hiki cha jubilei na hotuba, inafaa kuuliza karatasi za chuo ziliandikwa na nani, ziliandikiwa nani, na sasa ziko wapi.

Misheni yenyewe haikukusudia kuja Unguja. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, UMCA kama ilivyozoeleka kuitwa, ilitokana na hotuba aliyoitoa David Livingstone huko Cambridge mwezi Desemba 1857, na watu wake wa kwanza walielekea nyanda za mto Shire mwaka 1861. Askofu wao, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa Januari 1862, na hakuwa wa mwisho kufa. Mrithi wake, William Tozer, aliona kule hapakaliki, akafunga virago na mwaka 1864 akatua Unguja pamoja na Edward Steere. Sultani Majid bin Said akawakabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao watano, katika nyumba ya Shangani, ndio waliokuwa shule nzima. Wawili kati yao, John Swedi na George Farajallah, walipewa daraja la chini la ushemasi mwaka 1870. Farajallah alikufa mapema. Swedi akawa shemasi kamili mwaka 1879.

Shamba la Kiungani, upande wa kusini wa mji njia ya Mbweni, lilipatikana katika miaka hiyohiyo ya 1860, na shule ikahamia huko. Idadi ya wavulana iliongezeka kila manowari ya Waingereza ilipokamata majahazi. Mkataba wa Juni 1873 uliifunga biashara ya watumwa ya baharini pamoja na soko la Mkunazini, na tangu 1874 hadi 1883 manowari HMS London ilitia nanga bandarini kama kituo cha doria. Waliookolewa walipelekwa kwanza kwenye ubalozi mdogo wa Uingereza, na kutoka hapo wakagawanywa: wengine kwa UMCA, wengine kwa mapadre Wafaransa, wengine kwenye mashamba na majumba ya watu.

Daftari la ubalozi ndilo lililokuwa rejista ya kwanza ya wanafunzi wa Kiungani, kabla hawajajua kwamba ni wanafunzi. Karani aliandika jina, jinsia, umri wa kukisia, kabila, na aliyekabidhiwa mtu huyo. Jina lilipita kwa mkalimani, na mara nyingi lilikuwa lile walilompachika wenye jahazi au wenye soko. Feruzi, Mabruki, Farajallah, Majaliwa ni majina yaliyopewa watumwa pwani nzima. Akifika shuleni, mvulana alibatizwa na kuongezewa John, George, Robert au Cecil. Alilopewa na mama yake kule Uyao au Umakua halikuandikwa popote, isipokuwa mwenyewe alikumbuke na apate wa kumwandikia. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na majina matatu katika madaftari matatu, na mtafiti asiyejua hilo atahesabu watu watatu.

Mfano unaojulikana ni Cecil Majaliwa. Alikombolewa utumwani akiwa mtoto, akasoma Kiungani, akapelekwa Canterbury kwa masomo zaidi, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa upadre. Alifanya kazi Chitangali, kusini, katika nchi ya Wayao. Askofu Mkuu John Ramadhani, aliyeliongoza Kanisa Anglikana Tanzania kuanzia 1984 hadi 1998, ni wa uzao wake. Familia ya namna hiyo ni hifadhi ya nyaraka yenyewe: inajua ndoa, ubatizo, makaburi na ugomvi ambao hakuna mwalimu Mzungu aliyeujua. Kumbukumbu za shule zikitafutwa ofisini tu, nusu ya shule itabaki nje.

Shule ikiwa na mashine ya chapa, maandishi huongezeka. Steere alikuwa mtu wa lugha na wa chapa. Vitabu vyake viwili vikubwa, cha sarufi na cha hadithi za Unguja, vilitoka London mwaka 1870, lakini kazi ndogondogo zilichapwa Unguja kwenye mitambo ya misheni, na vijana wakafundishwa kupanga herufi. Kiswahili hakikuwa somo tu hapo Kiungani. Bweni lilijaa watoto wa makabila yasiyosikilizana, na bila Kiswahili wasingeweza hata kugombana vizuri. Walikisoma kwa herufi za Kirumi, wakaondoka nacho kwenda bara, wakakifundisha. Serikali za Afrika Mashariki zilipoamua mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba Kiunguja ndicho kitakachosanifishwa, tayari vizazi viwili vya walimu wa Kiungani vilikuwa vimekwisha kukiandika. Kamusi ya Madan ya mwaka 1903 ndiyo Frederick Johnson aliyoijengea kamusi yake ya mwaka 1939, ambayo wengi wetu tuliikuta shuleni ikiwa imechanika jalada.

Mwaka 1888 likatokea Msimulizi. Ni miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili, na lilitoka Kiungani. Vijana waliomaliza walikuwa wametawanywa kwenye vituo vya Bonde, Ruvuma na Ziwa Nyasa, wengine mwendo wa wiki nyingi kutoka pwani. Walituma habari za vituo vyao, Msimulizi likazikusanya na kuzirudisha kwa wenzao, pamoja na habari za chuo chenyewe. Magila nako, kituo cha misheni huko Bonde, katika miaka ya 1890 kukawa na gazeti lake, Habari za Mwezi.

Thamani ya Msimulizi kama kumbukumbu huonekana ukiliweka kando ya jarida lingine la misheni hiyohiyo, Central Africa, lililoanza kutoka Uingereza mwaka 1883. Jarida hilo liliandikiwa watoaji. Mtoaji hutaka kuhuzunika kidogo na kufurahi kidogo, kisha atume fedha. Ndiyo maana kurasa zake zimejaa watoto wanaoonewa huruma na mavuno ya roho. Huwezi kusema ni uongo, lakini kila barua humo imeandikwa na mtu anayejua ni nani atakayelipa bili ya mchele. Msimulizi liliandikiwa watu waliolala bweni moja. Ukisema umejenga shule ya miti mizuri huko Ruvuma, yuko msomaji aliyepita hapo mwezi uliopita akaiona imeanguka. Wasomaji wa aina hiyo humfanya mwandishi awe mwangalifu kuliko mhariri yeyote. Ajabu yake ni kwamba jarida la watoaji linapatikana katika maktaba nyingi duniani, na lile la wanafunzi linasomwa na watafiti wachache wanaokwenda Oxford.

Rejista ya kawaida ya shule hukoma mwanafunzi anapotoka getini: jina, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, mstari mwekundu. Msimulizi liliendelea kumfuata hadi kituoni. Sijui rejista ya shule yoyote ya siku hizi inayofanya hivyo, ingawa makundi ya simu ya wanafunzi wa zamani yanakaribia, na hayo nayo hakuna anayeyahifadhi.

Wengine walijiandikia wenyewe baadaye. Petro Kilekwa alikamatwa bara akiwa mtoto, akauzwa, akasafirishwa kwa jahazi hadi bahari ya Oman, na huko ndiko manowari ya Waingereza ilikomtoa. Alifika Kiungani baada ya mzunguko huo mrefu wa bahari, akasoma, akaenda kufundisha pande za Nyasa, akawa padre. Maisha yake aliyaandika kwa Kichinyanja, yakatolewa London kwa Kiingereza mwaka 1937. Habari za Kiungani anazozitoa ni za mtu mzima anayekumbuka akiwa hana haja ya kumpendeza mwalimu wa zamani, na zina mambo madogo ambayo ripoti haziyataji.

Martin Kayamba ni wa namna nyingine kabisa. Alizaliwa Mbweni mwaka 1891, mtoto wa mwalimu aliyesoma Kiungani na kupelekwa Uingereza, na mwenyewe akasoma Kiungani mwanzoni mwa karne ya 20. Hakuwa mtoto wa kuokolewa, alikuwa mtoto wa wasomi. Akawa karani, akafungwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1922 akaanzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Mwaka 1931 alikwenda London, mmoja wa mashahidi watatu Waafrika kutoka Tanganyika mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyokuwa ikijadili kuunganisha nchi za Afrika Mashariki. Safari hiyo aliiandikia kitabu cha Kiswahili, Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza, na habari za maisha yake zikaingia katika mkusanyo wa Margery Perham uliotoka mwaka 1936. Ukisoma Kilekwa na Kayamba pamoja unaona Kiungani mbili: ya yatima wa baharini, na ya familia za walimu zilizokwisha kuota mizizi. Muda kati yao ni kama miaka 15 tu. Hakuna ripoti ya mkuu wa chuo inayoyaonyesha mageuzi hayo kwa uwazi namna hiyo, kwa sababu kwa mkuu wa chuo wote walikuwa wavulana.

Vita Kuu ya Kwanza iliacha maandishi mengine. Walimu wa UMCA upande wa Wajerumani walitiwa nguvuni kwa kushukiwa kuwa watu wa Waingereza, na mmoja wao, Samwil Sehoza wa Bonde, akaandika Mwaka katika Minyororo, kilichotoka mwaka 1921. Upande wa pili, Frank Weston, aliyekuwa mkuu wa Kiungani tangu 1901 na askofu wa Zanzibar tangu 1908, aliongoza kikosi cha wapagazi. Barua na vitabu vya Weston vimehifadhiwa, vimechambuliwa, na yeye ameandikiwa wasifu. Cha Sehoza ni kijitabu. Nadhani ndicho ambacho shule ingetangulia kukichapa upya, kama fedha zingetosha kimoja.

Wasichana wana hali mbaya zaidi. Mbweni palikuwa na shule yao ya bweni, jirani na Kiungani, na Caroline Thackeray aliyefika mwaka 1877 aliishi hapo hadi alipokufa mwaka 1926. Magofu ya shule hiyo bado yanatembelewa. Walimu wa kike walitoka humo wakafundisha vituoni sawa na wavulana, lakini Mbweni haikuwa na Msimulizi, na wanawake hawakupewa daraja za kanisa. Kwa kuwa daraja ndizo zilizofungua faili, mwanamke wa Mbweni huonekana kwenye karatasi akibatizwa, akiolewa, na akizaa. Kati ya matukio hayo matatu kuna miaka 30 ya kazi ambayo haikuandikwa na mtu. Mama mzazi wa Kayamba, kwa mfano, amepata kuandikwa kwa sababu mwanawe alikuwa na kalamu.

Baada ya vita, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, hapakuwa tena na sababu ya kuwavusha vijana bahari ili wasomee Unguja. Watoto wa majahazi walikuwa wamekwisha zamani. Wanafunzi walitoka Bonde, Masasi na Uzaramo. Chuo kikahamishiwa Minaki, katika vilima vya Kisarawe, si mbali na Dar es Salaam, na jina la Mtakatifu Andrea likaenda nalo. Kuhama kwa shule ni hatari kubwa kwa karatasi zake kuliko moto. Moto huunguza chumba kimoja. Safari humlazimisha kila mtu achague kinachostahili kubebwa, na wanaochagua huwa na haraka. Vitanda, madawati na vyombo vya kanisa hubebwa. Daftari la adhabu la miaka 20 iliyopita hubaki.

Minaki ilikuja wakati serikali imeanza kutia mkono katika elimu. Tume ya Phelps-Stokes ilikuwa imepita Afrika Mashariki mwaka 1924 ikisisitiza serikali na misheni zishirikiane, na sheria ya elimu ya Tanganyika ya mwaka 1927 ikaweka ruzuku kwa shule za misheni zilizofikia kiwango. Ruzuku huja na mkaguzi, naye huja na fomu. Tangu hapo shule ina maisha mawili ya karatasi: barua za misheni zinazokwenda London, na taarifa za ukaguzi zinazokwenda Idara ya Elimu. Mkaguzi hakujali mavuno ya roho. Alihesabu vyoo, akapima madirisha, akauliza walimu wana vyeti gani. Historia ya majengo ya shule kama Minaki, pamoja na hospitali iliyokuwa hapo, itafutwe kwake.

Kufikia miaka ya 1950 Minaki ilikuwa moja ya shule chache za Tanganyika zilizofikisha mwanafunzi Darasa la Kumi na Mbili. Jirani yake kwenye vilima hivyo ilikuwa Pugu ya Wakatoliki, ambako Julius Nyerere alifundisha hadi alipojiuzulu mwaka 1955. Habari za kushindana kwa shule hizo mbili ziachiwe wazee waliocheza. Kila upande una matokeo yake.

Kisha zikaja Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Serikali ikachukua shule za misheni, Minaki ikiwamo, nayo ikawa shule ya sekondari ya serikali kama ilivyo leo. Mwaka 1965, miaka michache kabla, UMCA nayo ilikuwa imeungana na chama kingine cha kimisionari cha Kiingereza na kuwa USPG, ofisi zake za London zikavunjwa na karatasi zikapangwa upya. Basi katika kipindi cha miaka mitano mwenye shule alibadilika na mwenye karatasi akabadilika, na hawakuwa mtu mmoja.

Hesabu ya leo ni hii. Nyaraka za UMCA za makao makuu, yaani barua za maaskofu, ripoti, picha na magazeti, ziko Oxford. Kwa miaka mingi zilikuwa katika maktaba ya Rhodes House, na sasa zinasomewa maktaba ya Weston iliyo sehemu ya Bodleian. Karatasi zilizobaki Unguja, pamoja na madaftari ya ubalozi, ziko Kilimani katika Nyaraka za Zanzibar, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1956. Faili za serikali ya kikoloni na za serikali huru kuhusu elimu ziko Dar es Salaam, Upanga, chini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Dayosisi zina vitabu vyao vya ubatizo na ndoa. Na stoo ya shule ina kilichobaki.

Stoo hiyo ndiyo inayonishughulisha, ya Minaki na ya kila shule kongwe ya bweni, maana hakuna aliyeihesabu kuwa hifadhi. Kuna rejista ya uandikishaji, madaftari ya mahudhurio, kitabu cha wageni, mihtasari ya vikao vya walimu, ripoti za mwalimu wa zamu, leja ya chakula. Watu wa jubilei hukimbilia kitabu cha wageni kwa sababu kina sahihi za wakubwa. Mimi ningeanzia leja ya chakula. Historia nyingi za shule zimeandikwa na wakuu wa shule, na mkuu wa shule hali bwaloni. Leja inaeleza mwaka gani nyama ilipungua kutoka mara mbili kwa wiki hadi mara moja, lini unga wa njano uliingia, lini maharage yalinunuliwa na lini yalilimwa na wanafunzi wenyewe shambani. Iweke kando ya ripoti za mwalimu wa zamu na utaona migomo inavyofuata maharage yenye wadudu kwa uaminifu wa kutisha. Siasa ya nchi yote imo humo: ukame, vita vya Kagera, miaka ya foleni, kuja kwa ada na kuondoka kwa ada.

Daftari la adhabu lina uzito wake. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinataka kila adhabu iandikwe: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, na aliyechapa. Kwa hiyo daftari hili ni ushahidi wa kisheria kwanza, na wa historia baadaye. Humo mnasomeka mabadiliko ambayo hakuna sera iliyoyatamka: kosa la kusema lugha ya kienyeji, kosa la kutoroka kwenda dansini, kosa la kukutwa na redio, kosa la kukutwa na simu. Lakini humo pia mna majina ya watu walio hai, wengine sasa ni majaji na maaskofu, wengine hawajawaambia watoto wao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu mkuu wa shule anayetaka kuliweka daftari hilo kwenye meza ya maonyesho. Lihifadhiwe, lifungwe, lifunguliwe kwa utaratibu. Nyaraka za umma Tanzania kwa kawaida husubiri miaka 30 kabla ya kusomwa na yeyote, na kwa adhabu za watoto hata hiyo naona ni michache.

Jambo ambalo walimu wengi hawalijui ni kwamba shule ya serikali haina ruhusa ya kuchoma faili zake kwa hiari yake. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Namba 3 ya mwaka 2002, inazihesabu kumbukumbu za ofisi za umma kuwa mali ya umma, na kuziteketeza kunahitaji idhini ya idara husika. Hata hivyo, adui mkubwa wa stoo ni sherehe yenyewe. Kamati inaundwa, rangi inanunuliwa, mgeni rasmi anatajwa, na agizo la kwanza ni kusafisha. Wanafunzi wa zamu wanatoa madaftari ya mwaka 1958 nje, yanarundikwa nyuma ya jiko, kiberiti kinawashwa. Wiki mbili baadaye mwalimu wa historia anaombwa aandike kurasa kumi za kijitabu cha jubilei, na anaanza kuwapigia simu wazee.

Kuzihifadhi si kazi ya fedha nyingi, ni kazi ya mtu mmoja mwenye ufunguo. Pwani ya Tanzania ina unyevu na mchwa. Boksi lisiwekwe sakafuni wala kugusa ukuta. Mfuko wa nailoni, ambao watu huuona kuwa kinga, hufungia unyevu ndani na karatasi huota ukungu. Pini na stepla zitolewe, maana kutu yake hula karatasi kuliko mende. Karatasi iliyochanika isibandikwe selotepu, na cheti cha zamani kisifunikwe kwa plastiki ya moto, kwa sababu hakitatoka tena humo kikiwa kizima. Kupiga picha kurasa kwa simu ni vizuri, mradi kila faili ipewe jina linaloeleweka na nakala ikae mahali pawili. Nimesikia wanaosema kwamba baada ya kuskani, daftari lenyewe linaweza kutupwa. Hao hawajawahi kubadilisha simu.

Kuhusu Oxford, kelele za kudai kila kitu kirudishwe hazijanishawishi. Karatasi zile zimetunzwa, zina orodha, na zingekuwa zimekwisha kama zingebaki kwenye baadhi ya stoo ninazozifikiria. Ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana: nakala safi za picha za Msimulizi, toleo kwa toleo, ziwekwe Kilimani, Upanga na Minaki, pamoja na faharasa ya majina iliyotengenezwa na watu wanaoijua pwani, wanaoweza kutambua kwamba huyu wa mwaka 1889 ndiye babu wa yule. Faharasa hiyo haiwezi kutengenezwa Uingereza. Ipangwe kwa majina yote, la daftari la ubalozi, la ubatizo, na la nyumbani pale linapojulikana.

Na kuna kazi isiyosubiri. Waliokuwa kidato cha kwanza Minaki mwaka 1969, mwaka wa mwisho wa misheni, sasa wana umri wa miaka 70 na kitu. Wao ndio wa mwisho kujua shule ilivyobadilika mikono: nani aliondoka na gari la misheni, picha za ukutani zilikwenda wapi, mapadre walifungasha nini kwenye masanduku. Wengi wana picha za kidato zimelala kwenye kabati pamoja na hati za kiwanja. Anayekwenda kuwaona asiichukue picha; aipige nakala palepale mezani, ageuze upande wa nyuma, na kwa penseli laini aandike mbele ya mzee mwenyewe majina ya waliosimama, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kwanza, pamoja na lakabu zao. Kisha amuulize walikula nini siku ile.